Umiminikaji wa udongo: upimaji kwa umeme

Mchanga mlegevu uliojaa maji ukitikiswa na tetemeko la ardhi hupoteza nguvu na kuwa kama uji. Chembe hutaka kubanana, maji hukosa pa kutokea, na uzito wa nyumba unabaki juu ya maji. Niigata, Japani, mwaka 1964, majengo ya ghorofa yalilala ubavu bila kuvunjika. Jirani na kwetu Tanzania, tetemeko la Machaze, Msumbiji, la Februari 2006 (ukubwa wa 7.0) lilifanya mchanga ufoke juu ya ardhi.

Kwetu, mahali pa kuangalia hatari hiyo ni Kata ya Masanze, iliyomo Kilosa, mkoani Morogoro, wilaya inayofikiwa na nyufa za tawi la mashariki la Bonde la Ufa. Mito kama Mkondoa hutandaza humo mchanga na tope kila masika. Reli ya Kati, iliyokatwa na mafuriko kati ya Kilosa na Gulwe mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, inapita kwenye bonde la Mkondoa.

Kipimo chenyewe wanakijua wapima visima. Vigingi vinne vya chuma hupigwa katika mstari mmoja: vya nje hupeleka umeme, vya ndani husoma volti. Ukivitenga zaidi, unasoma kina zaidi. Chembe za mchanga hazipitishi umeme, maji yaliyo katikati yake ndiyo hupitisha; kwa hiyo ukinzani wa udongo ukigawanywa kwa ukinzani wa maji yake huonyesha mbanano. Kanuni hiyo ni ya G. E. Archie (1942). Mchanga wenye nafasi wazi asilimia 48 hutoa uwiano wa takriban 2.6; wenye asilimia 40 hutoa 3.3. Kandiah Arulanandan na wenzake, California, waliihusisha na umiminikaji katika miaka ya 1980.

Tofauti kati ya 2.6 na 3.3 ni ndogo, na asiyechota sampuli ya maji anabahatisha tu. Udongo wa mfinyanzi nao hupitisha umeme wenyewe, hivyo udongo mweusi wa mbugani huvuruga hesabu. Kiangazi ni kibaya zaidi: mchanga mkavu husoma ukinzani mkubwa na kuonekana imara. Afadhali kupima maji yakiwa juu, kisha kuthibitisha kwa nyundo ya kilo 63.5 inayoangushwa sentimita 76, mapigo yakihesabiwa kwa kila sentimita 30 za kuzama kwa bomba linalopigwa.