Tufani Mbili za Ramadhani Bangladesh



Ndugu Waislamu, usiku wa tarehe 12 Novemba 1970, ikiwa Ramadhani ya mwaka 1390 Hijria, tufani iliipiga Pakistan ya Mashariki, ambayo leo ni Bangladesh. Bahari ilifunika kisiwa cha Bhola na jirani zake. Waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya 300,000 na 500,000. Wengi walikuwa wamesikia kuwa tufani inakuja. Lakini redio haibishi hodi, na aliyetaka kukimbia hakuwa na pa kukimbilia.

Nchi ilipata uhuru 1971. Mwaka 1972 serikali na Msalaba Mwekundu (baadaye Hilali Nyekundu) wakaanzisha mpango wa tahadhari. Idara ya hali ya hewa hutoa habari. Watu wa kujitolea huipeleka nyumba kwa nyumba, na bendera na vipaza sauti. Msikitini hutangazwa pia. Zikajengwa shule juu ya nguzo ndefu za zege ili maji yapite chini: siku zote watoto husoma humo, siku ya tufani kijiji kizima hupanda. Kwa ng'ombe yaliinuliwa matuta ya udongo, maana mkulima haondoki akawaacha (nani atamlaumu?).

Hata hivyo, Aprili 1991 walikufa tena kiasi cha 138,000, na wanawake walizidi wanaume. Baadhi yao walikuwa wakisubiri mume aseme. Wengine waliona haya kubanana na wanaume wasio maharimu wao. Hapa sisi walimu wa dini tunahusika. Stara ni wajibu, lakini dharura ina hukumu yake, wala sheria haimtaki mama azame na wanawe akingoja ruhusa. Wenzetu hawakuishia kwenye maneno. Waliongeza majengo, mengine yakatengewa vyumba vya wanawake, na wakaandikisha wanawake wengi kwenye kazi ya kujitolea, kwani mwanamke hufika hadi uani pale kijana wa kiume anapoishia barazani.

Tufani ya Sidr, Novemba 2007, iliua zaidi ya 3,000. Kisha Mei 2020, kumi la mwisho la Ramadhani, tena wakati wa korona, ikaja Amphan. Watu zaidi ya milioni 2 walihamishwa, wakafuturu ndani ya zile shule. Waliokufa Bangladesh hawakufika 50.

Wabillahi tawfiq.