Lugha Moja, Dola Tatu: Chimbuko la Uhasama wa Kikabila Katika Mpaka wa Ngara na Biharamulo

Aghalabu hudaiwa kwamba watu hupigana kwa sababu ya kutofautiana lugha na asili. Historia ya wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, inaikanusha hoja hiyo. Kihangaza na Kishubi, lugha za wenyeji wengi wa eneo hilo, ni ndugu wa karibu wa Kinyarwanda, Kirundi na Kiha. Malcolm Guthrie aliziainisha zote katika kundi moja la D60. Aidha, majina Mhutu na Mtutsi hayakuwa mageni Bugufi, sehemu ya Ngara ya leo, kwani nchi hiyo ilikuwa chini ya ufalme wa Burundi kabla ya kuingizwa Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Iwapo lugha ni moja na majina ni yale yale, kwa nini mauaji yalitokea upande mmoja wa mpaka tu? Jibu limo katika matendo ya dola. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliwagawia watu wa Rwanda vitambulisho vilivyotaja kabila, huku elimu na vyeo vikielekezwa zaidi kwa Watutsi. Jina lililokuwa likieleza hadhi ya mtu katika jamii, ambayo iliweza kubadilika, likawa alama ya kudumu ya kurithiwa. Baada ya uhuru wa mwaka 1962 vitambulisho hivyo vilibaki, na mwaka 1994 vikatumika vizuizini kuwachagua wa kuuawa.

Tanganyika ilifuata njia nyingine. Utawala wa machifu ulifutwa. Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967. Na sensa ya mwaka huo ndiyo ya mwisho kuuliza kabila. Majina ya zamani hayakufutika Ngara, ila hayakuwa tena ufunguo wa cheo wala ardhi.

Hata hivyo, njia hiyo nayo ilikuwa na mpaka wake. Kuanzia tarehe 28 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa takribani siku moja na kupiga kambi Benaco. Miongoni mwao walikuwamo wauaji pamoja na wasio na hatia. Wengi wao walirudishwa Rwanda Desemba 1996. Mwaka 2013, Operesheni Kimbunga iliwaondoa Kagera maelfu ya watu walioitwa wahamiaji haramu, wakiwemo walioishi huko kwa miongo mingi.

Kipimo, basi, kilikuwa kimehama kutoka kabila hadi uraia. Lakini mahali ambapo mwenyeji na mgeni husema lugha moja, sikio haliwezi kumtambua raia. Kiswahili kiliwaunganisha watu wa Ngara na Biharamulo kwa sababu kilifungua mlango kwa kila mmoja. Kikifanywa chekecheo cha kuwachuja majirani, kitafanya kazi ile ile iliyofanywa na vitambulisho vya Wabelgiji.