Kikoa na Mwenyeji: Habari za Intaneti ya Nyumbani katika Uwanda wa Ufipa

Ufipa ni nchi ya uwanda ulioinuka baina ya maji mawili: magharibi yake ni Ziwa Tanganyika, na mashariki yake, chini ya ukingo mkali, ni bonde la Ziwa Rukwa. Mji wake mkuu ni Sumbawanga. Katika habari za mawasiliano ya Afrika ya Mashariki nchi hii hutajwa kwa nadra, na aghalabu hutajwa kama njia ya kwenda kwingine. Ndivyo ilivyokuwa tangu waya wa kwanza. Mwaka 1899 Cecil Rhodes alikwenda Berlin akapatana na Wadachi kwamba simu yake, iliyotoka kusini na kukusudiwa kufika Kairo, ipewe ruhusa ya kupita katika nchi waliyoitawala. Waya ukavuka kutoka Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, ukapita Ufipa, ukafika Ujiji katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Rhodes alikufa mwaka 1902, na Kairo waya wake haukuifikia kamwe.

Neno simu lenyewe lina asili ya Kiajemi, ambako sim ni fedha na pia ni uzi wa madini. Kwa Waswahili wa zamani zile simu ilikuwa ni ule waya, na ni ile habari iliyopita ndani yake. Chombo cha kusemea kilikuja kurithi jina baadaye. Basi kwa Wafipa simu ilikuwa kitu kilichopita juu ya mashamba yao kikichukua maneno ya watu wa mbali kwa watu wa mbali. Hapana kijiji cha Ufipa kilichohesabiwa katika hesabu za Rhodes.

Hata hivyo si haki kudhani kwamba nchi ile ilikuwa tupu, ikingoja ufundi uletwe. Waya ulipokuwa ukipita, malungu ya Ufipa yalikuwa bado yakifuka moshi. Ilungu ni tanuu ya udongo, yenye kimo kupita cha mtu, iliyoyeyusha mawe ya chuma kwa mkaa, nayo ilivuta pumzi yake yenyewe kwa mirija ya udongo iliyopangwa chini pande zote, bila mtu kuvukuta. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado na takataka, kikasafishwa mara ya pili katika tanuu ndogo iitwayo kintengwe, na hiyo ndiyo iliyohitaji mivukuto. Mwaka 1937, jarida la Tanganyika Notes and Records lilipochapa makala juu ya kazi hii, majembe ya dukani yalikuwa yamekwisha kuishinda. Magofu ya malungu yangali yakionekana uwandani. Jambo la kuangaliwa ni hili: ufundi ule ulikuwa wa wenyeji kwa kila hali. Mawe yalikuwa yao, mkaa wao, udongo wao, na elimu ilikaa kijijini.

Neno mwenyeji, ambalo asili yake ni mwenye mji, litahitajiwa sana katika habari hizi. Wafipa wana hadithi maarufu, ambayo Roy Willis, aliyefanya utafiti huko katika miaka ya 1960, aliifanya ufunguo wa historia yao. Mfalme wa Milansi alikwenda kuwinda. Nyuma yake wakaja wanawake wageni wa ukoo wa Twa, wakaketi katika kiti chake. Aliporudi, mapatano yakafanywa: wageni wakatwaa utawala wa nchi, na mtu wa Milansi akabaki na heshima ya mwenye ardhi na matambiko yake. Hadithi hii husimuliwa kueleza falme. Lakini inafaa pia kwa yeyote atakaye kujua kwamba nyumba yaweza kuwa na mwenyeji kwa jina na mwingine kwa amri.

Sasa na yatajwe ya intaneti. Barua ya kompyuta haikuingia Afrika ya Mashariki kwa mkono wa makampuni makubwa. Iliingia kwa njia zilizobuniwa na watu waliopenda mashine kwa kupenda tu. Mwaka 1984, huko San Francisco, Tom Jennings alianzisha FidoNet, mtandao wa kompyuta zilizokaa vyumbani mwa watu. Kila kompyuta ilikuwa na modemu na nambari yake ya simu. Usiku, saa iliyopatanwa, moja ilimpigia mwenzake, zikapokezana barua, zikakata. Barua ya kwenda mbali ililala nyumba kadhaa njiani kabla ya kufika. Hapakuwa na kampuni katikati, na gharama za simu zilibebwa na wenye mashine kwa zamu na kwa mapatano. Dunia yote iligawanywa kanda, na Afrika ikawa kanda ya 5.

Kwa sababu njia hii haikutaka waya ulio wazi mchana kutwa, ilifaa mno kwa nchi zenye simu mbovu. Mnamo mwaka 1990 ukaundwa mtandao wa ESANET, uliounganisha vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe kwa ufundi wa namna hii. Waganga nao walikuwa na HealthNet, iliyotumia satelaiti ndogo iliyozunguka karibu na dunia. Ilipopita juu ya Dar es Salaam kwa dakika chache ilipokea barua, ikazihifadhi, ikaziachilia ilipofika juu ya mji mwingine. Ufundi wa kufunga maneno katika vifurushi na kuyarusha hewani ulikuwa umekuzwa na wapenzi wa redio, watu ambao Tanganyika ya zamani iliwajua kwa alama ya VQ3, na Tanzania kwa 5H.

Hapa wataalamu wa lugha wana jambo la kutazama. Kiswahili cha leo kinatumia neno kikoa kwa jina la makao katika intaneti, kama vile majina yote yanayoishia kwa .tz. Lakini kikoa ni neno la zamani. Kula kikoa ni desturi ya watu kula pamoja kwa zamu: leo chakula chatoka kwa huyu, kesho kwa yule, na kila mmoja huwa mwenyeji siku yake na mgeni siku nyingine. FidoNet ilikuwa kikoa hasa, kwa maana ya kale isiyopunguzwa hata chembe. Ajabu ni kwamba neno lilipokuja kutumiwa katika elimu ya kompyuta, desturi yenyewe ilikuwa imekwisha kuondoka. Aliyelichagua huenda alitaka tu maana ya kundi lililo pamoja. Kwa bahati alichagua neno linalokumbuka kuliko wasemaji wake.

Sumbawanga haikupata kuwamo katika kikoa kile. Sababu zake ni nzito wala si za uvivu. Barabara ya kutoka Tunduma, kilomita zipatazo 224, ilikuwa ya vumbi na matope mpaka ilipoanza kutiwa lami kwa fedha za mkataba wa Marekani wa mwaka 2008. Umeme wa mji kwa miaka mingi haukutoka katika gridi ya taifa. TANESCO iliununua Zambia, ukaja kupitia Mbala, njia ileile ya waya wa Rhodes, na pengo likazibwa kwa mitambo ya dizeli. Mtu aliyetaka kuweka mashine iwake usiku na mchana alipaswa kwanza kujiuliza iwapo taa zenyewe zingewaka. Kwa hiyo wakati CyberTwiga ilipoanza kuuza intaneti Dar es Salaam mwaka 1996, uwanda wa Ufipa ulikuwa ukingali wa barua za posta na redio.

Mabadiliko yalikuja kwa haraka. Mwezi wa Julai 2009 waya wa SEACOM ulifika pwani kupitia baharini, ukafuatwa na EASSy mwaka 2010. Serikali ikajenga Mkongo wa Taifa, uliokuwa na kilomita zipatazo 7,500 (wako wanaosisitiza mkonga, na ubishi huo haujaisha), nao ukapanda kutoka Tunduma kwenda Sumbawanga, Mpanda na Kigoma. Mtu mwenye kumbukumbu ataona kwamba ni njia ya Rhodes kwa mara nyingine: kutoka mpaka wa kusini, kupitia Ufipa, kuelekea Ujiji. Tofauti ni kwamba safari hii waya uliteremka. Minara ya simu za mkononi ikaota vilimani, na nyumba ya Sumbawanga ikapata intaneti kwa kadi ndogo ya simu na kifaa cha kuwekwa dirishani.

Lakini iliipata kwa namna gani? Hili ndilo kiini cha jambo. Kila mashine inayotaka kutembelewa sharti iwe na anwani yake. Anwani za namna ya zamani zilikuwa bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na AFRINIC, shirika lililoko Mauritius ligawalo fungu la Afrika, liliingia katika awamu ya mwisho ya ugawaji mwaka 2020. Makampuni ya simu yalikuwa yamekwisha kutafuta hila: anwani moja hushirikiwa na wateja wengi. Msomaji wa Tanzania hana haja ya kuelezwa sana, maana anaijua Sanduku la Posta. Shule nzima, au misheni nzima, ina sanduku moja mjini. Barua haiji mlangoni pa mtu. Tofauti ni kwamba karani wa posta husoma jina juu ya bahasha, ilhali mtambo wa kampuni humjua tu yule aliyeandika kwanza. Akipeleka swali, jibu humrudia. Mgeni akija bila kuitwa, mtambo haujui ampeleke kwa nani, humfukuza.

Hivyo mtu wa Sumbawanga aweza kusoma maktaba za dunia, lakini dunia haiwezi kubisha hodi kwake. Picha za harusi yake, sauti ya bibi yake akisimulia kwa Kifipa, hesabu za chama cha akiba: vyote hukaa katika mashine za watu wengine, Ulaya au Marekani, naye huvitembelea kama mpangaji. Kiswahili kimelikiri jambo hili kwa uaminifu. Kazi ya kuweka tovuti katika seva ya mwingine huitwa upangishaji, na anayelipa huitwa mteja. TTCL iliupa mpango wake wa kufikisha nyuzi za mwanga majumbani jina la Faiba Mlangoni Kwako. Ni jina zuri, na ni sahihi, kwa kuwa mlangoni ndipo haki za mteja zinapoishia aghalabu. Kupata anwani ya peke yake ni jambo la kuomba na kulipia.

Wapenzi wa mashine popote duniani hutatua shida hii kwa kuchimba handaki: mashine ya nyumbani hufungua njia ya siri hadi seva yenye anwani, na wageni hupitia huko. Nchini Tanzania njia hizi zina masharti yake. Mwezi wa Oktoba 2023 TCRA iliwataka watumiaji wa njia za namna hii, yaani VPN, wajiandikishe kabla ya tarehe 30. Na kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilikuwa zimemdai mwenye blogu leseni ya shilingi milioni moja kwa mwaka, mbali na ada ya maombi. Kanuni nyingine zilichukua mahali pake mwaka 2020. Kwa mtu ambaye mashine yake yote, Raspberry Pi iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, haikuzidi bei ya dola chache na wati chache za umeme, leseni ilikuwa ghali kuliko nyumba ya leseni.

Kwa sababu hiyo uenyeji ulio wepesi zaidi Ufipa ni ule usiovuka ua. Mashine ndogo, betri na bamba la jua vyatosha kuhudumia darasa au ujirani bila intaneti yoyote. Programu ya Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, humwezesha mtu kuhifadhi Wikipedia ya Kiswahili nzima katika kadi isiyozidi ukucha. Mwezi wa Desemba 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, iliyotafsiriwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wanalugha, na kuthibitisha kwamba mashine yaweza kumsemesha mwenyewe kwa lugha yake. Huko Kondoa, mkoani Dodoma, watu wamekwenda mbali zaidi, wakaunda mtandao wa jamii wakisaidiwa na wanachuo wa Dodoma.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za SEACOM na EASSy zilikatika baharini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Katika miji yote, Sumbawanga ikiwamo, waliokuwa wakitegemea mashine za ng'ambo walikaa wakingoja. Maktaba iliyokuwa ndani ya kadi, katika darasa lililokuwa na mashine yake na jua la kutosha, ilifunguka siku hiyo kama siku nyingine.