Kwa nini mlango nambari 22?

Kila ukiingia kwenye Linux yako ya nyumbani ukiwa mbali, unabisha mlango nambari 22. Kwa nini 22?

Mwaka 1995, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Ufini, mtu alitega programu mtandaoni ikanasa maneno ya siri. Telnet iliyapeleka wazi kama postikadi. Mtafiti wa hapo, Tatu Ylönen (mwanamume, si Tatu wetu wa Pwani), akaandika SSH, inayoficha kila kitu njiani. FTP ilikuwa na mlango 21, telnet 23. Akaomba 22 katikati yao, akapewa. Mwaka 1999 kundi la OpenBSD likatoa OpenSSH, programu huria inayotumika kwenye Linux nyingi mpaka leo.

Basi ukikwama, usibomoe ukuta wa moto wote. Ukikataliwa papo hapo, mara nyingi sshd haijawashwa. Ukingoja bila jibu, huenda ukuta wa moto au ruta imemeza ombi lako. Fungua mlango huo mmoja tu, na utumie ufunguo badala ya neno la siri, maana hata wezi wanaijua 22.

Kazi kwenu!