Kusimama na Kuendelea: Udhibiti wa Muda wa Mgawanyiko katika Seli Yenye DNA Iliyojeruhiwa

Seli inayojiandaa kugawanyika ina kazi mbili ambazo sharti zifuatane bila kuingiliana: kunakili DNA yake yote mara moja, kisha kuzigawa kromosomu sawasawa kwa seli mbili zitakazozaliwa. DNA, yaani molekuli ndefu ya nyuzi mbili inayobeba taarifa za urithi, hujeruhiwa na mionzi, na kemikali, na hata na mabaki ya umetaboli wa seli yenyewe. Miongoni mwa majeraha hayo, mojawapo ya yale ya hatari zaidi ni kukatika kwa nyuzi zote mbili mahali pamoja, kwa kuwa kipande kisicho na sentromia, sehemu ambayo kromosomu hushikwa na kuvutwa, huweza kupotea wakati wa mgawanyiko. Kwamba seli iliyojeruhiwa huchelewa kugawanyika ni jambo lililojulikana zamani, na ilikuwa rahisi kudhani kuwa kuchelewa huko ni udhaifu tu unaoletwa na jeraha. Makala haya yanatetea hoja tofauti: kwamba kusimama huamriwa na jeni mahususi, kwamba kuendelea baada ya kusimama nako kuna jeni zake, na kwamba kinachodhibitiwa ni urefu wa kungoja, ambao haulingani daima na ukamilifu wa urekebishaji.

Ushahidi wa sehemu ya kwanza ya hoja hii ulitolewa mwaka 1988 na Ted Weinert na Leland Hartwell, waliochunguza hamira kwa kuipiga eksirei. Seli za kawaida zilisimama kabla ya kugawa kromosomu, kila moja ikiwa na chipukizi kubwa ambalo halijatengana na mama yake, na nyingi zikapona. Lakini seli zilizokosa jeni iitwayo RAD9 ziliendelea kugawanyika zikiwa na kromosomu zilizovunjika, zikafa baada ya kuunda vikundi vidogo vya seli. Watafiti hao waliongeza hatua iliyoamua suala: walizizuia seli zisizo na RAD9 kwa saa chache kwa sumu inayobomoa mikrotubuli, ambazo ni nyuzi za protini zinazovuta kromosomu, kisha wakaiondoa sumu hiyo, na uhai wa seli ukaongezeka kwa kiwango kikubwa. Kwa kuwa sumu hiyo haikurekebisha chochote bali ilizipa seli muda wa kujirekebisha, ilibidi kukubali kwamba seli hizo zilikuwa na uwezo wa kutibu majeraha yake, na kwamba zilichokosa ni amri ya kungoja.

Katika seli za binadamu amri hiyo hupitia kinasi, yaani vimeng'enya vinavyobandika kundi la fosfeti kwenye protini nyingine na hivyo kubadilisha utendaji wake. Kinasi ATM huamshwa na nyuzi mbili zilizokatika, na mwenzake ATR huamshwa na uzi mmoja ulioachwa wazi; hizi mbili huziamsha Chk2 na Chk1, ambazo huizuia Cdc25, protini inayohitajika ili kuondoa fosfeti ambayo Wee1 imeibandika kwenye Cdk1, injini ya mgawanyiko. Njia hii ni ya haraka, maana inatumia protini zilizokwisha kuwapo. Njia ya pili ni ya taratibu: ATM na Chk2 huiimarisha protini p53, nayo huwasha jeni ya p21, ambayo huzuia kinasi za mgawanyiko kwa muda mrefu zaidi. Kuwapo kwa njia mbili zenye kasi tofauti kunaonyesha kuwa kusimamisha na kudumisha kusimama ni kazi mbili tofauti.

Msomaji anaweza kupinga kwamba, hata hivyo, kuendelea ni kutoweka tu kwa amri ya kungoja pindi jeraha linapopona. Pingamizi hili halisimami mbele ya matokeo ya mwaka 1997, ambapo David Toczyski na wenzake walichunguza hamira yenye mkatiko mmoja usioweza kurekebishwa. Seli hizo zilisimama kwa saa nyingi, muda ambao ungetosha vizazi kadhaa, kisha zikagawanyika jeraha likiwa bado lipo. Lakini seli zenye kasoro maalumu katika jeni ya CDC5 zilibaki zimesimama daima. Iwapo kuendelea kungekuwa uchovu wa mfumo, kasoro ya jeni isingekuzuia. Kwa kiumbe cha seli moja mantiki yake iko wazi: kungoja bila mwisho ni kifo cha hakika, ilhali kugawanyika na jeraha ni bahati nasibu yenye nafasi ya kuishi. Katika binadamu, PLK1, ambayo ni ndugu wa Cdc5, huhitajika ili seli iliyosimama irudi kwenye mgawanyiko.

Muda wenyewe pia hubeba ujumbe. Mwaka 2004 Galit Lahav na wenzake waliitazama p53 katika seli mojamoja baada ya mionzi, wakaona kuwa hupanda na kushuka kwa mawimbi, na kwamba kuongezeka kwa mionzi kuliongeza idadi ya mawimbi, si kimo chake. Mwaka 2012 maabara ya Lahav ilitumia dawa kuyageuza mawimbi kuwa kiwango kisichoshuka, na seli nyingi zaidi zikaacha kugawanyika moja kwa moja. Protini ileile, ikibadilishiwa mpangilio wake wa wakati, ilileta hatima nyingine.

Hoja hii ina uzito katika tiba. Uvimbe mwingi wa saratani umepoteza p53, hivyo hutegemea zaidi kizuizi kilichobaki kabla ya kugawa kromosomu. Ndiyo maana dawa zinazozuia Wee1 zimejaribiwa pamoja na tiba zinazojeruhi DNA, kwa shabaha ya kuinyima seli ya saratani muda wa kujirekebisha na kuisukuma igawanyike na majeraha yake. Ni jaribio la Weinert na Hartwell lililogeuzwa: wao waliokoa seli kwa kuiongezea muda, nayo tiba hii hukusudia kuiua kwa kuupunguza. Kwa hiyo kuhesabu majeraha ya DNA pekee hakutoshi kutabiri hatima ya seli. Sharti ijulikane pia imepewa muda gani, na ni jeni zipi zinazoamua kuwa muda huo umekwisha.