Makaburi Hayahami

Bibi yangu, kule Tindiga, hakuwahi kuniambia nitunze mazingira. Aliniambia nisikate mti penye makaburi, maana wenyewe wamo.

Somo hilo ni la zamani. Miaka ya 1950 mwanaanthropolojia T. O. Beidelman alifanya utafiti Ukaguru, kaskazini mwa Kilosa ya wakati ule. Aliandika kuwa kila eneo lilikuwa na ukoo wenye nchi, ulioitambikia mizimu ili ardhi ipoe na mvua inyeshe. Mtoto aliyejifunza ukoo wake alikuwa akijifunza pia ardhi yake.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule ziwe na mashamba, watoto walime na wafaidi pamoja. Miaka michache baadaye Operesheni Vijiji ikahamisha familia nyingi nchini. Watu walibeba vyungu na mbuzi, makaburi hayabebeki.

Nilipoanza shule, jembe lilikuwa adhabu ya wachelewaji.

Leo nasomea uzamili wa historia, ndiyo kwanza nauliza majina ya waliolala chini ya mti ule. Bibi naye kalala hapo.