Kiongozi Kutuliza Moyo Kabla ya Kuamua: Mafunzo Kutoka Kisii na Nyamira

Wahenga wetu wa Pwani walisema mkubwa ni jaa: kila mwenye taka zake huja kumwaga kwake. Msemo huu niliusikia tangu utotoni, lakini maana yake niliielewa vizuri nilipokuwa mwalimu Kisii, kisha Nyamira. Mwalimu mkuu, chifu, mwenyekiti wa soko, mama anayeongoza chama cha kuweka na kukopa, wote hushinda wakipokea mashaka ya watu. Kule vilimani ardhi ni finyu na watu ni wengi. Shamba la baba hugawanywa kwa wana mpaka kila mmoja akabaki na kipande cha kupanda migomba michache. Kesi za mipaka hazimwishi chifu, na wazazi wasio na karo hawaishi mlangoni pa mwalimu mkuu.

Mzigo huo una hatari yake. Mwezi Juni 2016, mabweni saba ya shule ya upili ya wavulana ya Itierio, Kisii, yaliteketea baada ya wanafunzi kunyimwa ruhusa ya kutazama mechi ya kombe la Ulaya. Wiki zilizofuata, moto ulienea katika shule nyingi nchini, na walimu wakuu wakawa hawapati usingizi. Oktoba 2021, wazee wanne waliuawa huko Marani, Kisii, wakituhumiwa uchawi. Sisi wa Pwani hatuna la kuwacheka, maana Kilifi nako wazee huandamwa kwa tuhuma hizo hizo, hata ikabidi Kaya Godoma, Ganze, iwe kimbilio lao. Uvumi ukishavuma, watu humtazama kiongozi. Akibabaika au akighadhibika, huongeza petroli.

Ndiyo maana nataka tuzungumzie zoezi ambalo wataalamu huliita umakinifu. Maana yake ni mtu kuuhudhurisha moyo wake hapa alipo, akaiona hali ilivyo nje na ndani ya nafsi yake, kabla ya kuihukumu. Zoezi lenyewe lina asili katika mafundisho ya Kibuddha. Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, alilitoa katika sura ya dini na kulifanya kozi ya wiki nane kwa wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu. Tangu hapo limefika kwenye hospitali, shule na ofisi za nchi nyingi.

Baadhi ya wasomaji wataogopa kuwa hiyo ni ibada ya kigeni. Kisii na Nyamira, ambako Waadventista na Wakatoliki ni wengi, nilisikia hofu hiyo hiyo. Lakini jambo lenyewe si geni kwetu. Mwislamu hufundishwa kuswali kwa khushuu, moyo ukiwa pamoja na ulimi. Mwadventista hufunga kazi Ijumaa jua likichwa mpaka Jumamosi jioni. Anayetaka kufanya zoezi hili ndani ya imani yake hazuiliwi na kitu.

Kuhusu mwili, mambo yako hivi. Mtu akitishwa, mwili humwaga homoni za adrenalini na kotisoli, moyo hupiga mbio na misuli hukaza. Hali hiyo humfaa anayekimbia nyoka, lakini humponza anayesikiliza kesi ya shamba. Kutoa pumzi polepole hupunguza mapigo ya moyo, na akili hupata nafasi ya kupima neno.

Kwa kiongozi mwenye shughuli nyingi, napendekeza haya:

1. Asubuhi kabla ya kushika simu, keti dakika tano. Fuata pumzi ikiingia na kutoka. Mawazo yakikutoroka, yarudishe bila kujilaumu. Kule kurudisha ndiko zoezi lenyewe.

2. Kabla ya kufungua mlango wa mkutano au baraza, vuta pumzi tatu, kila moja ukiitoa taratibu kuliko ulivyoivuta.

3. Ukihisi hasira, itaje kimoyomoyo: "Hii ni hasira," au "Hii ni hofu ya kuonekana dhaifu." Hisia iliyotajwa hupungua nguvu.

4. Msikilize mtu mpaka amalize, kisha rudia alichosema kwa maneno yako kabla ya kujibu. Panapo uvumi, uliza: nani ameona, na nani amesikia tu?

5. Ujumbe uliouandika kwa ghadhabu usiutume usiku huo. Usome tena baada ya alfajiri.

6. Chagua saa ya jioni ambayo simu ya kazi hupumzika. Kama kuna zamu ya dharura, gawaneni na msaidizi.

Hata hivyo, tusidanganyane. Mazoezi haya hupunguza msongo, lakini hayaleti karo, hayapanui shamba wala hayaajiri walimu. Tangu 2018, Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, iliwahamisha walimu wakuu wengi nje ya kaunti zao, wakatengana na familia. Pumzi tatu hazikuweza kuwarudisha nyumbani. Ilibidi walimu na wabunge walalamike mpaka utaratibu ukalegezwa. Wakubwa wa kazi wasimwambie mtu atulie huku wakimwongezea mzigo.

Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu mkubwa wa kazini kuwa hali inayotokana na msongo wa kazi usioshughulikiwa. Dalili zake ni tatu: nguvu kuisha, kuichukia kazi au kuidharau, na kuona kuwa huwezi tena kuifanya vizuri. Ukiziona, omba likizo au usaidizi. Usingizi ukipotea kwa wiki mbili, ukaona maisha hayana maana, au ukageukia pombe au miraa ili usogeze siku, mwone daktari au mshauri nasaha bila kuona haya. Na kama kukaa kimya kunakuamshia kumbukumbu za msiba au ukatili, acha zoezi mpaka uwe na mtaalamu wa kukuongoza.

Kesi ya shamba ikisubiri mpaka chifu atulie, haiharibiki. Mzee aliyetuhumiwa uchawi hana muda huo, kwa hiyo chifu wake anapaswa kuwa amejizoeza utulivu kabla umati haujafika mlangoni.